Majani Makavu Si Takataka

Hotuba kwa wakulima, wavuvi na vyama vya msitu, Malindi

Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, ndugu wavuvi mliopanda kutoka ufuoni, na vijana mnaolinda msitu: assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mada tuliyopewa ni ndefu kuliko saa tuliyopewa. Kilimo, udongo, msitu, wanyama, bahari. Tukigusa kila kimoja tutaondoka hapa hatujashika chochote. Kwa hiyo tutashika kitu kimoja kidogo na kukifuata kila kinakokwenda: jani lililokauka, likaanguka chini.

Sisi watu wa pwani tuna mkono mwepesi wa ufagio. Jua likichomoza uwanja umeshafagiwa, mistari ya chelewa inaonekana mchangani, na mgeni akija ajue nyumba hii ina watu. Uwanjani ni sawa kabisa, nyoka hapati pa kujificha. Tabu ni pale ufagio unapovuka ua ukaingia shambani. Shamba likifagiwa, taka zikakusanywa, zikatiwa kiberiti, linapendeza macho kwa wiki mbili hivi. Tuangalie kinachotokea baada ya hapo.

Tuanze chini kabisa. Ardhi ya Malindi na Magarini si moja. Karibu na bahari mwamba ni matumbawe ya kale, na udongo uliokaa juu yake ni haba. Ukiingia ndani unakuta mchanga mweupe, huo ndio unaobeba miti ya mirihi katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Mbele zaidi ni mchanga mwekundu, unaoenea hadi ng'ambo ya mto, Magarini yenyewe. Kando ya mto huo, Sabaki, kwenye mabonde yanayofurika, kuna udongo wa mfinyanzi, mzito, unaonata kwenye jembe, na mwenye kipande huko anajua thamani yake.

Udongo wa mfinyanzi una ghala lake wenyewe. Chembe zake ni ndogo mno na bapa, na nyuso zake zina chaji inayozuia virutubisho visiende na maji. Chembe ya mchanga ni kijiwe tu, haishiki kitu. Mwaga mbolea juu ya mchanga mtupu, ipige mvua kubwa ya usiku mmoja, na asubuhi sehemu nzuri ya naitrojeni imeshashuka chini ya mizizi ya mahindi. Kinachoshika katika mchanga wetu ni mboji, ule weusi unaobaki jani likishatafunwa na mchwa, jongoo na kuvu. Na katika mashamba yaliyolimwa miaka mingi bila kurudishiwa kitu, mboji hiyo mara nyingi haifiki sehemu mbili kwa mia.

Ukitaka kuhakikisha, hakuna haja ya maabara. Nenda na kopo la kilo moja lililotolewa kitako. Lididimize sentimita tano chini ya mwembe mkubwa, pale majani yanapoozea, umimine nusu lita ya maji na uhesabu muda hadi yaishe. Kisha fanya vivyo hivyo katikati ya shamba linalochomwa kila mwaka, hasa kwenye mchanga mwekundu. Rudia mara mbili mbili kila mahali, maana mara moja inaweza kukudanganya. Tofauti utaiona mwenyewe, na sababu yake tutaifikia.

Sasa jicho linadanganya hivi. Mtu akisimama mbele ya msitu wa mirihi anaona miti mirefu iliyonyooka, anasema: ardhi iliyootesha miti hii itashindwa na mahindi? Itashindwa. Mrihi unaota pale kwa sababu hautegemei mchanga. Mizizi yake imevishwa kuvu wanaokwenda mbali kuliko mizizi yenyewe, wanakusanya fosforasi na naitrojeni kutoka kwenye majani yanayooza na kuirudisha mtini kabla mvua haijaibeba. Mali yote inazunguka baina ya jani na mzizi, katika unene wa vidole vitatu vya juu. Kata mti, choma tandiko la majani, na mzunguko umekatika. Umebaki na mchanga.

Mwaka wa kwanza wa shamba jipya mahindi hutoka vizuri, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Yale mahindi yamekula majivu. Majivu yana potasiamu na chokaa, yanapunguza ukali wa udongo, mmea unachangamka. Lakini naitrojeni na salfa hazikai kwenye majivu. Zimeondoka na moshi, na moshi ule uliouona ukielekea Watamu ulikuwa mbolea yako. Majivu yenyewe nayo ni mepesi, mvua za kwanza kubwa za masika zinayabeba. Mwaka wa pili mazao yanashuka. Wa tatu au wa nne majani ya mahindi yana manjano yanayoanzia ncha na kushuka katikati ya jani, yale ya chini kwanza, na hiyo ndiyo alama ya njaa ya naitrojeni. Kisha huja striga, gugu lile la maua madogo linalofyonza mahindi kwenye mizizi kabla hata halijatokeza juu. Striga hupenda udongo uliochoka. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, nyembamba kama vumbi la ugoro, na zinaweza kungoja ardhini zaidi ya miaka kumi. Ukiliona limechanua umechelewa. Ling'oe kabla ya ua, kwa mkono, na usilitupe kwenye mboji.

Hesabu ya kinachoondoka shambani ni rahisi, na inashangaza kwamba haifundishwi kila mahali. Gunia moja la mahindi la kilo 90 linaondoka na naitrojeni ya kilo moja na robo hadi kilo moja na nusu. Ukivuna magunia 10 kwa ekari umetoa kilo 13 au 14 za naitrojeni, na hapo hatujataja mabua. Mfuko mmoja wa mbolea ya DAP wa kilo 50 una naitrojeni kilo 9 tu. Mfuko wa urea wa uzito huo huo una kilo 23, lakini ukiimwaga juu ya mchanga wenye joto na kuiacha wazi, sehemu yake inageuka hewa ya amonia na kupotea. Urea ifukiwe, vidole viwili chini, na igawanywe mara mbili: mahindi yakifika magotini, na tena yanapokaribia kutoa ndevu. Kwenye mchanga, mbolea yote kwa mpigo mmoja ni sadaka kwa kisima cha jirani.

Na mabua? Mabua ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya potasiamu ya mmea. Anayeyachoma kwenye kona moja ya shamba huwa ameichukua potasiamu ya ekari nzima na kuizika mahali pamoja, palepale ambapo mwakani utaona mahindi mabichi yamenona peke yao kama kisiwa. Wengi mmeshaviona visiwa hivyo. Sasa mnajua vilitoka wapi.

Turudi kwenye lile kopo. Tone la mvua kubwa si kitu laini. Likiangukia jani kavu, nguvu inaishia kwenye jani, na maji yanateremka polepole. Likiangukia mchanga mwekundu ulio uchi, linapasua mabonge, vumbi la mfinyanzi lililomo linajaa kwenye vitundu vidogo, na jua likitoka panakuwa na utando mgumu kama ganda la mkate. Mkulima analiona ganda hilo, analivunja kwa jembe, na mvua inayofuata inalitengeneza upya. Juu ya ganda maji hayaingii, yanatiririka. Na maji yanayotiririka hayaendi mikono mitupu.

Watu wakisikia mmomonyoko wanafikiria korongo. Korongo ni hatua ya mwisho. Mwanzo wake hauonekani. Milimita moja ya udongo, unene wa kucha yako, ikiondoka kwenye ekari moja ni tani tano na nusu hivi, mzigo wa lori. Milimita moja hakuna anayeiona ikiondoka. Ila kuna alama: angalia mahindi baada ya palizi ya pili. Ukikuta mizizi ile ya juu ya shina imeachwa uchi, na vijiwe na vipande vya magome vimekaa juu ya viguzo vidogo vya udongo kama meza za wanasesere, basi urefu wa viguzo ndio kiasi kilichoondoka tangu ulipolima. Pima kwa rula. Tena kila kinachotangulia kwenda ni chepesi, na kilicho chepesi ni mboji.

Mtu wa Marafa atatuambia yeye ana Nyari, yale makorongo makubwa, na Nyari ilichongwa na maji na upepo bila mkulima. Kweli kabisa, mabonde yale ni kazi ya zamani sana. Lakini yanafaa kutazamwa kwa jicho la mkulima: hivyo ndivyo mchanga wa Magarini unavyofanya maji yakishapata njia na hakuna mzizi wa kuyazuia. Watalii wanalipa kuona. Wewe hutaki cha bure.

Ndugu wavuvi, mmetusubiri kwa subira, na zamu yenu imefika. Sabaki huanzia mbali, kwenye nyanda za Athi karibu na Nairobi, unapita Ukambani, unapokea mto Tsavo na kuitwa Galana, kisha unatufikia na jina la tatu. Kila mmoja hapa ameona maji yake yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Si rangi ya asili yake. Katika hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968, kuna matumbawe makubwa ya mviringo yanayokua kwa pete kila mwaka kama mti. Wanasayansi walitoboa bonge moja lenye umri wa miaka 300 hivi na kupima madini ya bariamu katika kila pete, kwa sababu bariamu huja na tope la mto. Tangu karibu mwaka 1700 hadi 1900 kiasi kilikuwa kilekile, kidogo. Kuanzia mwanzo wa karne ya 20 kinapanda, wakati uleule ardhi ya juu ilipoanza kugawiwa walowezi, watu na mifugo wakabanwa mahali padogo, na miteremko ikalimwa bila kupumzishwa. Tumbawe halijui siasa. Liliandika tu kilichopita mbele yake.

Tope hilo hufuata pepo. Wakati wa kusi linasukumwa kaskazini, kuelekea Mambrui na Ngomeni. Wakati wa kaskazi linashuka kusini na kuingia ghuba ya Malindi, na kwa bahati mbaya mvua za vuli zinakutana na mwanzo wa kaskazi. Ndiyo maana ufuo wa mjini umeota mchanga hadi bahari imesogea mbali na majengo yaliyokuwa yakiitazama kwa karibu. Tumbawe linalofunikwa na tope hulazimika kutoa ute ili lijisafishe, na mwani mdogo mno unaoishi ndani yake na kulilisha unakosa mwanga. Nyasi za bahari nazo hukosa mwanga. Samaki aina ya tafi hana malisho, na dema la mvuvi linarudi tupu.

Tuseme haki: sehemu kubwa ya tope la Sabaki haikutoka kwenye mashamba ya watu waliokaa hapa. Mvuvi wa Malindi analipa deni la miteremko ambayo hajawahi kuikanyaga. Lakini kuna makorongo ya msimu yanayoshuka kutoka Lango Baya, Chakama na Magarini moja kwa moja hadi mtoni, na hayo ni yetu. Na dawa iliyopunguza udongo kukimbia kule juu ilitoka kulekule juu, Machakos, na inaitwa kwa Kiswahili hata kwenye vitabu vya Wazungu: fanya juu, mtaro wa kukinga mteremko.

Kabla ya dawa, tuingie msituni kidogo. Ndani ya Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba 420 hivi, kuna zaidi ya aina 230 za ndege. Wageni hutoka ng'ambo kumtafuta bundi mdogo wa Sokoke, aliyejulikana kwa sayansi mwaka 1965 tu. Wengine humtafuta kwera anayeitwa wa Clarke, asiyepatikana popote duniani nje ya kaunti ya Kilifi. Viota vyake vilikuja kuonekana mwaka 2013, kwenye kidimbwi cha msimu huko kwenye msitu wa Dakatcha. Hao wanajulikana. Tunaotaka kuwazungumzia ni wa chini, wale ambao nyumba yao ni hilo jani kavu.

Yupo sengi wa huku kwetu, mnyama mdogo mwenye uzito wa nusu kilo hivi, pua ndefu kama kimkonga, na makalio ya rangi ya dhahabu. Mchana kutwa anapitapita akichokoa majani kwa pua, anatafuta mende, tandu, jongoo na mchwa. Usiku analala ndani ya majani. Anachimba kishimo, anakijaza majani, halafu anakusanya mengine juu yake, na kwa kawaida hufanya hivyo alfajiri majani yakiwa na umande, yasipige kelele. Ukipita hatua mbili kutoka kwake unaona kirundo cha majani tu. Ana virundo kadhaa katika eneo lake, na habaki kwenye kimoja siku nyingi. Mnyama huyu hakuna mahali pengine anapoishi duniani ila pwani ya Kenya. Sasa mtu akiingia msituni na gunia na reki kuchukua majani ya kutandaza kwenye nyanya zake, hajakata mti hata mmoja, haoni kosa alilotenda. Amebomoa nyumba na ghala la chakula kwa mkono mmoja. Yuko pia korongwe mdogo wa mabaka, yule ndege anayetujia kuanzia Aprili hadi Oktoba na kuonekana kwenye magofu ya Gede: naye anakula kwa kugeuza majani, jani moja moja. Pakifagiwa hana la kugeuza.

Hilo tunalisema mapema kwa sababu baada ya dakika chache tutawaambia mtandaze majani shambani. Yasitoke msituni. Msitu hauna ziada.

Wengine watauliza faida ya viumbe hivi kwa mwenye njaa. Wafugaji wa vipepeo wa Gede wana jibu lao. Mradi wao ulianza mwaka 1993, nao wameuza mabundo, yaani vipepeo wakiwa bado kwenye ganda, nje ya nchi, na vipepeo hao hawana mama bila msitu. Lakini tutazame mnazi, maana mnazi kila mtu anao. Kuna kunguni mdogo wa kahawia anayefyonza nazi zikiwa changa kama yai, zinapata makovu, nyingi zinaanguka. Adui yake mkubwa ni maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani mabichi yakawa viota. Mti wenye maji moto wengi humwoni kunguni. Na maji moto hawakai mahali palipofyekwa. Wanataka miti inayogusana, mwembe, mchungwa, mkorosho, mnazi, wapite kutoka tawi hadi tawi bila kushuka. Wakishuka chini wanakutana na chungu wengine wadogo wa kahawia wenye vichwa vikubwa, wanauawa. Shamba la minazi mitupu, chini peupe, limewakabidhi hao wadogo nchi yote. Ukiwa na mnazi mmoja wenye viota na mwingine hauna, funga kamba au ufito kutoka huu hadi ule. Kazi ya nusu saa. Kupulizia dawa kunaua maji moto kwanza na kunguni anarudi, kwa hiyo usipulizie.

Haya, kazi. Fremu ya A ndiyo chombo cha kwanza, cha kupima mistari iliyo sawa inayokinga mteremko. Miti miwili ya mita mbili, iliyofungwa juu, na ufito mmoja wa kukata katikati. Kutoka kwenye kilele ning'iniza kamba yenye jiwe. Usitie kijiwe kidogo, upepo wa kusi utakichezea siku nzima. Tia jiwe la nusu kilo. Kuisawazisha: simamisha fremu, weka alama ya miguu yote miwili ardhini, na alama pale kamba inapokata ufito. Igeuze, mguu wa kulia uje pa kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama mbili ndipo palipo sawa. Kisha anzia ukingo wa shamba, tembeza mguu mmoja hadi kamba ikae kwenye alama ya katikati, piga kigingi, endelea. Ukimaliza mstari, rudi nyuma uutazame. Vigingi vilivyoruka juu au chini kidogo virekebishwe upate mkunjo laini. Usinyooshe kwa kamba ili upendeze.

Umbali kati ya mstari na mstari una kanuni yake. Chukua asilimia ya mteremko, gawa kwa nne, ongeza mbili, zidisha kwa 0.3, jibu ni mita za mshuko. Mteremko unaoshuka nusu mita kila mita kumi ni asilimia 5: jibu linakaribia mita moja, na kwa hatua za ardhini ni kama mita 20. Mteremko wa asilimia 10 ni mita 13 na nusu. Wengi hupenda kuacha nafasi kubwa kuliko hiyo ili wapate pa kulima, na mvua ya kwanza ya Mei huwafundisha.

Fanya juu yenyewe ni mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha 60, udongo ukitupwa upande wa juu, ukawa tuta. Kwenye udongo mzito wa Lango Baya inakaa. Kwenye mchanga mweupe au mwekundu kuta zinabomoka ndani ya msimu mmoja, na hapa tunatofautiana na vijitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya milima. Kwetu mchangani, mstari wa mabua na nyasi hufaa zaidi: laza mabua kwenye mstari wa vigingi, upana wa nusu mita, urefu hadi magotini, pigilia vijiti upande wa chini, na panda nyasi za makarikari au mabingobingo nyuma yake masika yakianza. Udongo unaokimbia unakwama hapo na kila mwaka tuta linajiinua lenyewe. Kosa linaloua kazi hii ni pengo moja. Maji yote ya mstari yanatafuta sehemu ya chini kabisa, yanapenya hapo kwa pamoja, na yanachimba mfereji ambao usingekuwepo kama usingeweka kinga kabisa. Kwa hiyo mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, chukua jembe ukakague ukiwa umelowa, usingoje jua.

Kutandaza: kufunika ekari moja vizuri kunataka tani mbili hivi za majani makavu. Ekari ya magunia 10 inakupa mabua ya tani moja na kidogo. Yaani mabua yako yote yanafunika nusu, na tunalisema wazi ili mtu asikate tamaa akidhani amekosea. Nusu nyingine itoke kwenye kunde na pojo zilizopandwa baina ya mistari, na kwenye ua wa grilisidia, mti ambao majani yake ni mbolea. Vijiti vya grilisidia viwe vya mita moja na nusu, vinene kama kidole gumba au zaidi, vikatwe mshazari, vizikwe sentimita 25 mvua ikiwa imeshika. Kilo 100 za majani yake mabichi zina naitrojeni karibu robo tatu ya kilo. Kurudisha kile kilichoondoka na magunia 10 ungehitaji zaidi ya tani moja na nusu ya majani mabichi, jambo ambalo ua mmoja hautoi. Kwa hiyo samadi ya mbuzi bado inatakiwa, na mfuko wa mbolea si dhambi. Ila mbolea juu ya mchanga wenye mboji hukaa. Juu ya mchanga mtupu, tumeshasema.

Mchwa watakuja. Waacheni. Mchwa wakikosa kitu kikavu cha kula ndipo wanapopanda kwenye mahindi na miche ya mikorosho. Sogeza tu matandazo, yakae mbali na shina kiasi cha shibiri.

Tatizo gumu kuliko mchwa ni mbuzi. Mavuno yakiisha, mifugo inafunguliwa, na mabua ya mtu mmoja ni malisho ya kitongoji kizima. Hapo fremu ya A haisaidii. Wazee wa mtaa wakae na wafugaji wakubaliane tarehe: labda kunde na majani ya juu yaliwe, mashina yalazwe kwenye mistari kabla ya kufungulia. Bila mapatano hayo tunapoteza saa yenu.

Makumbi ya nazi yanayorundikwa na kuchomwa nyuma ya nyumba yana kazi bora. Chimba mtaro wa nusu duara, mita mbili kutoka kwenye mnazi, kina cha nusu mita. Panga makumbi kwa tabaka, tumbo likiangalia juu, funika udongo kila tabaka. Yanashika maji miezi ya Januari hadi Machi, wakati nazi changa zinapodondoka kwa kiu, na huchukua miaka kadhaa kuoza.

Mananasi ya Magarini yanastahili neno lao. Nanasi huchukua mwaka na zaidi kutoa tunda, na miezi ya mwanzo kati ya mistari ni uchi mtupu. Mistari mingi tunayoiona imenyooka kufuata mteremko kwa sababu trekta hurahisisha hivyo. Na mara nyingi shamba ni la kukodi. Mwenye kukodi misimu miwili hana sababu ya kulinda udongo wa mtu; atalima, atavuna, atahamia Dakatcha kufyeka pengine. Mwenye ardhi, andika kwenye mkataba: mistari ikingame, majani ya nanasi yabaki shambani baada ya kung'olewa, hakuna kuchoma. Kodi ikipungua kidogo kwa masharti hayo, bado umepata.

Kuhusu mkaa tutakuwa wafupi, mmeshahubiriwa vya kutosha. Tanuri la udongo la kawaida hutoa kilo 10 hadi 15 za mkaa kwa kilo 100 za kuni. Anayekata mhugu au mbambakofi kwa hesabu hiyo anauza mti uliokua kuliko umri wake kwa bei ya magunia machache. Kuni na nguzo zitoke kwenye mvinje, uliopandwa. Mvinje unajitengenezea naitrojeni kwenye mizizi, na nguzo za kuuza unaanza kupata mwaka wa nne hadi wa sita. Kanuni za kilimo za mwaka 2009 zilitaka asilimia 10 ya shamba iwe miti. Kwa ekari moja ni mita za mraba 400, mstari wa mipakani tu unaweza kuzitimiza. Changanyeni. Mwarobaini msiuzidishe, ndege wanausambaza hadi kwenye makaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, na ukishaingia kaya kuung'oa ni kazi ya vizazi.

Vuli haiko mbali. Mistari ipimwe sasa ardhi ikiwa kavu, mabua yalazwe kabla ya wingu la kwanza. Fremu tatu ziko pale chini ya mwembe, mawe yameshafungwa, na makopo mawili yasiyo na kitako yako pembeni. Mwenyekiti akiruhusu, maswali tutayajibu kulekule tukipima, kabla jua halijawa kali.